Maji Ndani ya Kompyuta, Chumvi Nje Yake

*Kompyuta ndogo ipozwayo kwa maji ni fahari ya vijana wa miji ya baridi. Ikishuka Kisimayu, nchini Somalia, au ikivuka hadi Fuma na visiwa vingine vya Wabajuni, hukutana na hewa isiyoizoea. Makala hii yachunguza hoja za wale wasemao ijengwe upya kama ilivyokuwa, na za wale wasemao maji yamwagwe.*

Na Mwandishi Wetu

Skrubu ya mwisho itokapo, na bati la ubavuni likainuliwa, jicho la fundi hukimbilia viungo vya mabomba kabla ya kutazama kitu kingine chochote, kwa maana hapo ndipo bahari huacha alama zake za kwanza: ukoko wa kijani pale shaba ilipogusana na hewa ya chumvi, unga mweupe pale alumini ilipoanza kuliwa, na duara la manjano juu ya mazabodi pale tone moja lilipodondoka, likakauka, na lingine likafuata.

Chombo chenyewe ni kidogo kuliko taabu yake. Ni kisanduku cha lita kumi hivi, yaani nusu ya debe, nacho kimebebeshwa prosesa, kadi ya picha, pawasaplai, pampu isiyozidi ngumi, tangi dogo la maji, rejeta yenye feni mbili, na mabomba yaliyopindwa kwa ustadi hata nafasi ya kupitisha kidole isipatikane.

Aghalabu mwenye nacho alikijenga, au alijengewa, Ulaya au Dubai, kwa fedha ambazo zingemtosha kununua kompyuta mbili za kawaida. Akakileta pwani, kikatumika misimu kadhaa ya kusi na kaskazi, kisha kikaanza kuwaka kwa dakika chache na kuzima, kuwaka na kuzima, mpaka siku moja kikagoma kabisa.

Hapo ndipo maneno huanza. Yuko asemaye kirudishwe vilevile kilivyokuwa, kwa kuwa kilijengwa na mtu ajuaye kazi yake. Yuko asemaye mabomba yatupwe, kitiwe feni kama kompyuta za watu wengine, na mambo yaishe. Na yuko wa tatu, mchache wa maneno, aulizaye kwanza chombo hicho kitakaa wapi: ghorofani Kisimayu, au kisiwani Fuma.

Joto halifi, huhama

Husemwa kwamba maji huipoza kompyuta, na kauli hiyo, ijapokuwa haina madhara katika mazungumzo ya barazani, imewatia wengi hasara. Joto lizaliwalo katika prosesa, ambayo kiini chake ni kipande cha silikoni kisichofikia ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, huingia katika kibao cha shaba kilichokandamizwa juu yake. Humo hupokewa na maji yapitayo katika mifereji myembamba, husafirishwa hadi kwenye rejeta, na huko feni hulisukuma likaingia katika hewa ya chumba. Kituo cha mwisho cha safari hiyo ni hewa ileile ambayo feni ya kawaida ingeitumia tangu mwanzo, na hakuna mzunguko wa maji uliofungwa uwezao kuishusha prosesa chini ya joto la hewa hiyo pasipo kuongezewa mtambo kama wa friji.

Fadhila ya maji ni ubebaji. Lita moja ya maji hubeba joto ambalo lingehitaji zaidi ya lita 3,000 za hewa, na kwa sababu hiyo pampu ipitishayo lita moja tu kwa dakika, katika mashine itoayo wati 300 za joto, huyapandisha maji nyuzi nne na ushei baina ya kuingia na kutoka.

Lakini zizime feni za rejeta, uiache pampu ikizunguka peke yake. Nusu lita ya maji, ambayo ndiyo akiba yote ya mzunguko mdogo kama huu, itapanda karibu nyuzi nane na nusu kila dakika. Na kabla ya dakika tano kutimia, maji yaliyoanza na nyuzi 35 yatakuwa yamepindukia 70, ilhali pampu nyingi za aina hii hazitakiwi kupitisha maji yaliyozidi 60.

> Maji hayapozi, huchukua. Apozaye ni hewa ya chumbani, na hewa ya Kisimayu haina baridi ya kukopesha.

Ufundi uliotoka gereji

Hila hii ni kongwe kuliko wengi wa waitumiao. Katika miaka ya 1960 kampuni ya IBM ilikwisha kupitisha maji katika mashine zake kubwa za ukoo wa System/360, na mwaka 1985 ilitoka Cray-2, mashine ya hesabu iliyokuwa haina kifani kwa kasi wakati wake, ambayo saketi zake zilizamishwa zote katika kioevu kiitwacho Fluorinert, kisichopitisha umeme.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Ulaya na Marekani waliiteremsha hila hiyo mpaka mezani kwa kutumia pampu za matangi ya samaki wa mapambo, na rejeta ndogo za hita walizozing'oa katika magari mabovu. Jambo hilo lafaa kukumbukwa na kila fundi wa pwani aionaye kazi hii kuwa ni ya maabara, kwa maana asili yake ni gereji, na mikono iliyozoea rejeta ya lori haina sababu ya kuiogopa.

Udogo ulikuja baadaye. Mwaka 2001 kampuni ya VIA ya Taiwan ilitoa kipimo cha mazabodi kiitwacho Mini-ITX, chenye sentimita 17 kila upande, na tangu hapo wajenzi wakaanza kushindana nani ataweza kuingiza nguvu nyingi zaidi katika sanduku dogo zaidi. Kadi za picha nazo zikaenda kinyume cha sanduku: zilikuwa zikila makumi ya wati, na leo ziko zilazo 450 peke yake. Joto la jiko dogo la umeme likatakiwa kukaa ndani ya nusu debe, na hapo maji yakaonekana kuwa ndiyo tadbiri ya pekee.

Wenye viwanda nao walijaribu. Mwaka 2004 Apple iliuza Power Mac G5 yenye mzunguko wa maji uliofungwa kiwandani, na baada ya miaka kadhaa baadhi ya mashine hizo zikavuja, maji yakashuka juu ya sehemu za umeme zilizokuwa chini.

Mwambao wa kusi na kaskazi

Kisimayu iko chini kidogo ya mstari wa ikweta, na kutoka hapo visiwa vya Wabajuni, miongoni mwake Koyama, Ngumi, Fuma, Chovai na Chula, huandamana na bara kuelekea Ras Kiamboni na mpaka wa Kenya. Ni mwambao uliopita katika mikono mingi, wa Sultani wa Zanzibar, wa Waingereza, na tangu mwaka 1925 wa Waitaliano. Na dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi waliacha visiwa vyao wakakimbilia Lamu na Mombasa, na baadhi yao wakafika hata Uingereza. Palipo na ndugu ughaibuni hapakosi kifurushi, na katika vifurushi vya siku hizi kompyuta ni jambo la kawaida.

Hewa ya mchana huku aghalabu huwa baina ya nyuzi 27 na 32, na unyevu wake kwa kawaida ni sehemu 70 kwa mia au zaidi. Joto hilo si la kutisha. Rejeta iliyopimwa vyema katika chumba cha nyuzi 32 itayaweka maji katika nyuzi 45 hivi, na prosesa za sasa, ambazo nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 95 au 100, zitafanya kazi bila malalamiko. Wale wasemao kwamba kompyuta ya maji haiwezi kuishi pwani kwa sababu ya jua, wamemkamata asiye na hatia.

Mhalifu ni chumvi. Chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa ufikapo kadiri ya sehemu 75 kwa mia, hunyonya maji kutoka hewani mpaka ikayeyuka yenyewe. Na chumvi ya bahari, kwa kuwa imechanganyika na magnesiamu, huanza kulowa mapema zaidi ya hapo. Vumbi la chumvi lililopeperushwa na kusi likatua juu ya mazabodi halingojei bomba livuje: usiku uingiapo na unyevu upandapo, hugeuka utando wa maji ya chumvi baina ya nyaya nyembamba kama unywele, na umeme hupata njia ambayo mhandisi hakuichora.

> Vumbi la chumvi halingojei bomba livuje. Usiku uingiapo, hugeuka maji lenyewe.

Umeme nao una sehemu yake katika balaa hili. Tangu 1991 umeme nchini Somalia umekuwa bidhaa iuzwayo na kampuni za watu binafsi, kwa jenereta za dizeli na, katika miaka ya karibuni, kwa paneli za sola, na ukatikaji wake hufahamika. Chumba kilicholala na kiyoyozi katika nyuzi 22 kikikatiwa umeme, na watu wakafungua madirisha ili wapumue, huingiwa na hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa sehemu 75. Na hewa ya namna hiyo huweka umande juu ya kila chuma kilicho chini ya nyuzi 25.

Katika kompyuta ya maji, rejeta na kibao cha shaba, kwa kuwa vimejaa maji yasiyoharakisha kupata joto, ndivyo vikaavyo baridi muda mrefu kuliko vitu vyote vilivyo sandukuni, na umande huvipenda. Mwenye mashine aonapo matone asubuhi hulaumu mabomba, hukaza viungo ambavyo havikuwa na kosa, na kwa kukaza mno huyakata mapete ya mpira; hivyo uvujaji wa kudhaniwa huzaa uvujaji wa kweli.

Wapendao feni na wapendao maji

Hoja ya wapendao feni ni nyepesi kueleza na nzito kujibu. Feni ikifa husikika, au kule kunyamaza kwake husikika. Hubadilishwa kwa skrubu nne, na feni ya sentimita 12 hupatikana katika duka lolote la kompyuta la Mombasa au Nairobi. Pampu ikifa hufa kimya, mapete yake hayauzwi kando ya barabara, na kila kiungo kilichoongezwa ni mlango mmoja zaidi wa kulinda. Kwa mtu akaaye mbali na vipuri, husema, uchache wa sehemu ni utajiri.

Nasi twakiri uzito wa hoja hiyo, ila twawakumbusha wenyewe kwamba hata wao wana maji. Mirija ya shaba inayopanda kutoka kwenye prosesa mpaka katika mapezi ya kipozeo cha feni si mitupu: ndani yake mmefungiwa maji machache sana katika ombwe, nayo huchemka upande wa joto, hupanda kama mvuke, hupoa na kuwa maji tena kwenye mapezi, na kurudi. Mirija hiyo ilibuniwa na George Grover katika maabara ya Los Alamos mwaka 1963. Tofauti iliyopo, na ni kubwa, ni kwamba mrija huo umezibwa kwa lehemu na haufunguliwi milele.

Hoja ya wapendao maji, kwa namna isemwavyo na wengi wao, ni dhaifu. Husema mashine ni tulivu zaidi, ni nzuri zaidi kutazama, na prosesa hupungua nyuzi kumi au kumi na tano. Yote hayo ni kweli, na yote hayo hayamsaidii mtu ambaye mazabodi yake inaliwa na chumvi.

Hoja yenye nguvu wameiacha bila kuisema, nayo ni hii. Feni, ili ipoze, haina budi kuvuta hewa ya nje na kuipitisha juu ya mazabodi, yaani kila saa ya kazi ni saa ya kuingiza chumvi ndani. Maji, tofauti na feni, yaweza kulitoa joto nje ya sanduku *bila ya kuiingiza hewa ya bahari ndani yake*. Maadamu rejeta imo ndani ya kisanduku, faida hiyo hupotea, kwa sababu feni za rejeta huvuta hewa ileile kupitia matundu yaleyale. Lakini rejeta ikitolewa ikawekwa nje, sanduku laweza kuzibwa karibu lote.

Nahodha yeyote wa mwambao huu anayaelewa hayo bila kufundishwa. Mashine ya dizeli iliyo ndani ya boti kubwa huwa na maji matamu yake, yazungukayo ndani ya chuma daima, na maji ya bahari yapitayo nje yake katika kipozeo na kurudi baharini. Maji hayo mawili hupeana joto na hayakutani, na siku yakutanapo safari imekwisha. Hata mashine ya nje ifungwayo nyuma ya mashua, ambayo huvuta maji ya bahari moja kwa moja, huoshwa kwa maji matamu baada ya safari, na hufungwa kipande cha zinki ili kutu ile hicho badala ya kula mashine.

Ushahidi mkubwa wa kufungia hewa nje ulitoka Scotland. Mwezi wa Juni 2018 Microsoft ilizamisha katika bahari ya visiwa vya Orkney pipa la chuma lenye urefu wa mita 12 na ndani yake kompyuta 864, hewa imetolewa na badala yake imetiwa naitrojeni kavu, na joto likatolewa kwa maji ya bahari yapitishwayo katika rejeta. Lilipopandishwa Julai 2020, kompyuta zilizoharibika zilikuwa sehemu moja ya nane tu ya kiwango cha zile zilizobaki nchi kavu. Watafiti walielekeza sababu kwenye ukavu, ukosefu wa oksijeni, na kutokuwako kwa watu wa kuzigusagusa.

Yuko msomaji atakayeuliza kwa nini basi nasi tusizamishe zetu mbele ya Fuma. Bahari ya Orkney ni ya baridi mwaka mzima, na yetu hukaribia au kupindukia nyuzi 25. Na Microsoft wenyewe mwaka 2024 walisema hawana tena kituo chini ya maji. Mafunzo ya kuchukua ni ya kufungia hewa nje, si ya kuzamisha.

> Maji yana haki ya kubaki kwa sababu moja: yaweza kulitoa joto nje bila kuikaribisha bahari ndani.

Kuijenga upya

Kazi huanza kwa kumwaga. Kisanduku huinamishwa ili maji yote yatoke, nayo hupokewa katika chupa nyeupe na kutazamwa penye mwanga, maana rangi yake ni shahada: ukijani huelekeza kwenye shaba, uji mweupe huelekeza kwenye alumini au kwenye dawa ya rangi iliyoharibika, na utelezi ni mimea midogo iliyoota ndani kwa kukosa dawa ya kuiua.

Kisha fundi huhesabu metali. Shaba na alumini zikikaa katika maji mamoja hufanya betri, na alumini ndiyo ilipayo gharama. Kwa sababu hiyo yule atakayeshawishika kutumia rejeta ya gari, kwa kuwa ufundi huu ulianza hivyo, ajihadhari: rejeta za zamani zilikuwa za shaba, na nyingi za magari ya sasa ni za alumini. Shaba ikae na shaba na shaba nyeupe, au vyote viwe vya alumini. Kuchanganya hakuna dawa, ila kuna dawa za kuchelewesha.

Kibao cha prosesa hufunguliwa, mifereji yake husuguliwa kwa mswaki laini, na shaba iliyo tupu huoshwa kwa siki iliyopunguzwa makali, kisha kwa maji safi mara nyingi. Kama kibao kimepakwa nikeli, siki isikae, kwa maana itaingia chini ya ngozi hiyo na kuibandua.

Mazabodi hutaka elimu ambayo mafundi wengi wa simu hawanayo, ingawa huosha bodi kila siku. Wao hutumia spiriti peke yake, na spiriti huondoa mafuta na uchafu wa lehemu. Lakini chumvi haiyeyuki katika spiriti ila kwa uchache usiofaa kitu. Bodi iliyoliwa na hewa ya bahari ivuliwe betri yake ndogo, ioshwe kwanza kwa maji yaliyokenekwa, ndipo isuzwe kwa spiriti ili kuyatoa maji hayo, kisha ikaushwe mahali penye upepo mkavu, au chumba cha kiyoyozi, siku nzima na zaidi. Ikikauka, sehemu zisizo na soketi zaweza kupakwa vanishi ya kukinga saketi, ambayo ni kinga bora kwa pwani kuliko taa zote za rangi ambazo wajenzi hupenda kuzitia.

Mapete ya mpira yote hubadilishwa, hata yaonekanayo mazima, na hupakwa grisi ya silikoni. Mabomba magumu ya plastiki, ambayo ndiyo uzuri wa picha, twashauri yaachwe: yale ya PETG hulegea maji yakaribiapo nyuzi 60 na kuendelea, na feni za rejeta zikizima hakuna aliye mbali na kiwango hicho. Mpira mweusi wa EPDM, jamii ya ule utumikao katika magari, hauna haiba, lakini hauogopi joto wala hautoi nta ndani ya maji.

Kuhusu maji yenyewe, yale yauzwayo madukani kwa jina la maji ya betri, yakiwa ni maji yaliyokenekwa kweli, hufaa. Na mnunuzi asome chupa mara mbili, kwa kuwa asidi ya betri hukaa rafu ileile. Maji ya jabia, ijapokuwa ni ya mvua na matamu kinywani, yamepita juu ya dari na chokaa, na ya kisima cha pwani hata hayatajwi. Humo hutiwa dawa ya kuzuia kutu na dawa ya kuua mimea, kwa vipimo vya mtengenezaji, bila rangi.

Ndipo rejeta hutolewa nje. Sanduku hutobolewa matundu mawili tu ya mabomba, yenye viungo vya kuchomoa vijizibavyo, na rejeta pana, yenye feni zizungukazo polepole, huwekwa nyuma ya meza au ukutani. Kwa kuwa pawasaplai na kumbukumbu nazo hutoa joto, sanduku haliwezi kuzibwa kabisa. Hutiwa feni moja ndogo iingizayo hewa kupitia chujio, wala isitiwe ya kutoa, ili hewa ya ndani isukume kuelekea nje katika kila mwanya na vumbi la chumvi lisipate pa kupenyea. Wapenzi wa udogo watalia. Kisanduku cha nusu debe kimepata mkia, na picha yake haitapendeza tena.

Mwisho ni mtihani. Kabla ya maji, mzunguko hujazwa hewa kwa pampu ya baiskeli yenye geji hadi nusu baa na kuachwa robo saa. Sindano ikishuka, kuna mlango wazi. Baada ya maji, pampu peke yake hupewa umeme kwa saa 24, mazabodi ikiwa haina umeme kabisa, na karatasi laini zikiwa zimetandikwa chini ya kila kiungo. Karatasi hizo zikiwa kavu siku ya pili, prosesa hupakwa pesti mpya na mashine huwashwa.

Maji ya nani

Wako walioinua hoja ya haki: visiwa hivi hunywa mvua na visima, je, ni halali kutia maji katika mashine? Hoja hiyo ina pa kuelekezwa, lakini si hapa. Mzunguko uliofungwa hutumia nusu lita na hubadilishwa mara moja kwa mwaka. Walao maji ni mabohari makubwa ya kompyuta yapozayo kwa kuyavukiza hewani, ambayo huyahitaji mapya daima. Na Afrika ya Mashariki, ambako mwaka 2024 Microsoft na G42 walitangaza mradi wa dola bilioni moja wenye kituo kikubwa cha kompyuta Olkaria, nchini Kenya, ina kila sababu ya kuuliza swali hilo kwa sauti kubwa huko.

Swali la hapa ni la umeme. Mashine ya wati 400, ikifanya kazi saa nane kwa siku, hutumia yuniti tatu na nukta mbili. Kwa mtu wa Kisimayu ahaririye video za arusi au achoraye ramani, gharama hiyo hurudi kwa kazi, na mashine yake yastahili kujengwa upya kwa njia tuliyoieleza, mkia wake na yote, mradi awe ni mtu wa kuifungua kila mwaka kusi ikishatulia. Asiyeweza kuahidi hivyo, na wengi hawawezi, na achukue upande wa feni, anunue machujio mengi, na kuyaosha.

Na Fuma je?

Kisiwani hesabu ni nyingine. Yuniti tatu na ziada kila siku kutoka paneli za sola na betri ni mzigo ambao ungebeba friji ya samaki, na kazi nyingi za kompyuta zitakiwazo huko, barua, masomo, picha, kurekodi sauti za wazee, hazihitaji hata sehemu moja ya kumi ya nguvu hizo. Kusanyo la Kibajuni alilolikusanya mwanaisimu Derek Nurse wa Chuo Kikuu cha Memorial, nchini Kanada, laweza kusomwa na kuendelezwa katika kikompyuta kisicho na feni hata moja, kilacho wati 15, kilichofungwa katika boksi la plastiki lenye kifuniko cha mpira.

Kwa hiyo mwenye kisanduku chake Fuma, baada ya kukiosha kwa maji yaliyokenekwa na kwa spiriti, asinunue mapete wala mabomba. Aiuze kadi ya picha ilhali bado ina bei, Mombasa au Dubai, na fedha hizo azitie katika betri na paneli.